GANZI YA MIKONO KWA WAENDESHA PIKIPIKI

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi mmelionja katika miili yenu wenyewe, lakini wachache mmelifikisha kwa mganga. Nalo ni mikono kufa ganzi katika safari ndefu za pikipiki.

Tuchukue mfano wa katekista anayeondoka Songea alfajiri kwenda Mbinga, mwendo wa kilometa zipatazo 100. Ni mwezi wa Juni, na baridi ya milima ya Umatengo inamngojea mbele. Baada ya nusu saa anahisi vidole vinachonyota kama vinavyotembelewa na siafu. Baada ya saa moja havihisi chochote. Anapofika anashindwa kufungua vifungo vya koti lake. Anacheka na kusema, "Ni pikipiki tu, itapita." Baada ya dakika kumi, kweli inapita.

Je, katekista huyu anaumwa au haumwi? Swali hili linawahusu pia vijana wetu wa bodaboda wanaoshinda juu ya pikipiki tangu asubuhi hadi usiku, wauguzi wanaokwenda vijijini kuchanja watoto, na baba wa familia anayepeleka mahindi sokoni. Mkono ndio jembe la nyumba. Ukiharibika, nyumba nzima inaona njaa.

GANZI INATOKA WAPI?

Mikononi mwetu hupita mishipa ya fahamu, ambayo kazi yake ni kupeleka habari za maumivu, joto, baridi na mguso kwenye ubongo, na kurudisha amri kwenye misuli. Mshipa wa fahamu ukibanwa, ukitikiswa kwa muda mrefu au ukikosa damu ya kutosha, habari hukatika. Hapo ndipo tunasema mkono umekufa ganzi. Katika pikipiki mambo manne huungana kuleta hali hiyo.

1. Kubanwa. Ndani ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utepe mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Ukikunja kifundo kwa saa nzima huku umekaza vidole, njia hiyo hubana na mshipa hukosa nafasi. Mshipa mwingine hupita upande wa kidole kidogo, nao hubanwa unapoegemeza uzito wa mwili kwenye usukani.

2. Mtikisiko. Pikipiki nyingi za kwetu zina injini ya pistoni moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, maana yake ni mara 100 kila sekunde, na kila mzunguko unatuma mtikisiko hadi kwenye viganja. Barabara ya changarawe yenye vijituta vilivyopangana huongeza mtikisiko wake juu ya ule wa injini.

3. Baridi. Upepo wa safarini hupoza vidole na mishipa ya damu husinyaa. Damu ikipungua, mishipa ya fahamu nayo hukosa chakula chake. Sigara pia husinyaza mishipa ya damu, hivyo mvutaji huumia zaidi.

4. Kukaza mkono kupita kiasi. Dereva mwenye hofu au aliyechoka hung'ang'ania usukani kama mtu anayezama. Kadiri anavyokaza ndivyo mtikisiko unavyopenya zaidi mkononi mwake.

MTIKISIKO SI JAMBO LA MZAHA

Mwaka 1918 daktari mmoja wa Marekani, mama Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, katika jimbo la Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo za upepo. Asubuhi za baridi vidole vyao viligeuka vyeupe kama vya maiti na kufa ganzi. Alionyesha kwamba chanzo ni zana zile zinazotikisa pamoja na baridi. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 20, tatizo la namna hiyo lilionekana huko Japani kwa watumishi wa posta waliosambaza barua kwa pikipiki.

Tunajifunza nini hapo? Mtikisiko wa siku moja hupita. Lakini mtikisiko wa kila siku, kwa miaka, unaweza kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu kiasi kwamba vidole havirudi tena hali yake hata mtu akiacha kazi hiyo.

Pia kuna hatari ya papo hapo. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde. Mkono wenye ganzi huchelewa kushika breki, au huibana kwa nguvu usiyoipima. Mtoto anayekatiza barabara, au abiria uliyembeba, ndiye atakayelipa gharama ya mkono wako.

SOMA VIDOLE VYAKO

Vidole vyenyewe husema ni mshipa upi unaoumia.

(a) Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, mshipa uliobanwa ni ule wa katikati ya kifundo. Mara nyingi ganzi hii humwamsha mtu usiku, naye hukung'uta mkono ili apate nafuu. Akina mama wajawazito nao huipata, hata kama hawajawahi kupanda pikipiki.

(b) Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, mshipa unaoumia ni ule wa upande wa nje wa kiganja, au umebanwa juu zaidi, kwenye kiwiko. Vijana wanaobeba "mshikaki", yaani abiria wawili au zaidi, hujikuta wamesukumwa hadi juu ya tangi, viwiko vimekunjika sana. Mbali na kuvunja sheria na kuhatarisha maisha, wanauumiza mshipa huu.

(c) Vidole vyote vikiwa vyeupe na baridi kama barafu, kisha vikawa vyekundu na kuuma vinapopata joto, basi mishipa ya damu ndiyo iliyoathirika.

Kuna jaribio rahisi la kufanya nyumbani. Weka migongo ya mikono yako miwili pamoja, vidole vikielekea chini, viwiko vikiwa pembeni, ukae hivyo kwa dakika moja. Kama vidole vile vya (a) vinaanza kuchonyota, yawezekana mshipa wa kifundo umebanwa. Mweleze mganga.

TUFANYE NINI SAFARINI?

Ganzi inayoondoka muda mfupi baada ya kushuka, mara nyingi dawa yake ipo kwa fundi na katika namna yako ya kukaa.

1. Anza na pikipiki. Mwambie fundi akaze nati na boliti zinazoshika injini na usukani. Akague beringi za magurudumu, spoki, cheni na shokapu. Pima upepo wa tairi, kwa sababu tairi iliyojazwa kupita kiasi huwa ngumu kama jiwe na kupitisha kila kishindo.

2. Rekebisha breki na klachi. Ukikaa mahali pako, vidole vikiwa juu ya breki, mkono wako toka kiwiko hadi kwenye vidole uwe umenyooka, kifundo kisikunjike kwenda juu wala chini. Kwa kawaida fundi hulegeza boliti moja au mbili tu na kuzigeuza kidogo. Kazi hii haimalizi robo saa.

3. Angalia mipira ya kushikia. Iliyolika na kuwa migumu ibadilishwe. Wengine huifunga kwa mpira wa tyubu ya zamani ili iwe laini. Upande wa kushoto hakuna shida, lakini upande wa kuvutia mafuta hakikisha mpira haugandi. Mafuta yakikwama wazi, ni ajali. Wala usifunge kamba ili mafuta yajishikilie.

4. Shika kama unavyoshika kifaranga: asiponyoke, wala asife. Acha uzito wa mwili ukae kwenye kiti na miguuni, si viganjani. Mabega na viwiko vilegee kidogo. Panapokuwa na mashimo, magoti yabane tangi ili mikono isibebe kazi yote.

5. Panga mzigo vizuri. Gunia lililo nyuma lisikusukume mbele. Abiria awe mmoja.

6. Pumzika. Kila baada ya dakika 45 hadi saa moja, shuka. Teremsha mikono, ikung'ute, fumbata na kufumbua vidole mara kumi, zungusha mabega. Dakika tano zinatosha. Anayekwenda Tunduru au Makambako asione aibu kusimama mara kadhaa njiani.

7. Vaa glavu. Ziwe za kukinga upepo na zenye ulaini kiganjani, lakini zisibane, maana glavu ya kubana huzuia damu. Kifua nacho kifunikwe vizuri, kwa kuwa mwili ukipoa hupunguza kwanza damu ya vidoleni.

8. Ganzi ikikupata barabarani, punguza mwendo na usimame pembeni. Usisubiri kufika.

GANZI ISIYOONDOKA

Sasa tunafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika makala hii. Kwa kuwa kila mwenye pikipiki anajua habari ya ganzi, ni rahisi kuilaumu pikipiki hata pale ambapo haina kosa. Yapo magonjwa yanayoanza kwa ganzi.

Ukoma. Ugonjwa huu bado upo nchini mwetu. Vimelea vyake hupenda mishipa ya fahamu, hasa ule unaopita kiwikoni na kwenda kwenye kidole kidogo. Kwa hiyo kijana anaweza kusema "ni bodaboda" kwa miaka miwili huku vidole vikianza kukunjika. Jitazame mwili mzima, au mwombe mwenzako akutazame mgongoni. Ukiona baka lenye rangi hafifu au nyekundu ambalo halihisi mguso, nenda zahanati mapema. Ukoma si laana wala si urithi. Unatibika kabisa kwa dawa za miezi 6 au 12, na dawa hizo mgonjwa hapewi kwa fedha. Tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitoa bure kwa nchi zinazozihitaji. Lakini mshipa uliokwisha kufa kabla ya dawa huenda usirudi. Ndiyo maana tunasema mapema.

Kisukari. Ganzi yake kwa kawaida huanzia nyayoni, pamoja na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara. Pima sukari.

Pombe nyingi. Pombe ya miaka mingi pamoja na lishe duni huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu.

Dawa za kifua kikuu. Mojawapo, isoniazidi, inaweza kuleta ganzi. Usiache dawa zako. Mweleze mganga, naye anaweza kukupa vitamini B6.

Kiharusi. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande au maneno kukwama, si ya kusubiri hata saa moja. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja.

Nenda kituo cha afya kama ganzi inabaki zaidi ya siku chache, inakuamsha usiku, vitu vinakuponyoka mkononi, au nyama iliyo chini ya kidole gumba inapungua. Wakikuona unahitaji uchunguzi zaidi watakupeleka hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea, Peramiho au Litembo. Matibabu ya mshipa uliobanwa yanaanza kwa mambo madogo: kupumzisha mkono na kuvaa bamba la kunyoosha kifundo wakati wa usiku. Ikishindikana, daktari anaweza kuchoma sindano au kufanya upasuaji mdogo wa kuachanisha ule utepe unaobana. Mshipa uliojeruhiwa hukua upya polepole sana, kiasi cha milimeta moja tu kwa siku, kwa hiyo anayechelewa hungoja muda mrefu.

TUSIFANYE HAYA

Tusichanje chale mahali penye ganzi, maana tunaongeza kidonda mahali pasipohisi. Tusitie mkono wenye ganzi kwenye maji ya moto au karibu na jiko ili "uamke", kwa sababu hautakuambia kwamba unaungua. Tusinunue vidonge vya maumivu dukani wiki baada ya wiki bila kupimwa.

Wazazi wenye vijana wa bodaboda, waulizeni wanaporudi jioni: "Mikono yako ikoje?" Kijana huona haya kulalamikia ganzi, lakini akiulizwa na mama atasema. Nanyi akina mama, mkimwona baba anaangusha kikombe asubuhi, msicheke tu.

Tukumbuke basi kwa ufupi: ganzi inayoondoka ukishuka, itengeneze pikipiki na ukaaji wako. Ganzi inayobaki, ipeleke hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawatakia safari njema na mikono yenye uzima.