Kunde za Januari kwenye Baridi ya Julai

Kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti, Nairobi huwa ni jiji la makoti. Mtaa wa Muthangari uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na asubuhi za Julai halijoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mawingu hutanda mchana kutwa bila kunyesha, na jua likijitokeza saa tisa alasiri watu hutoka nje kuliota kana kwamba limelipiwa. Wakikuyu, ambao ardhi hii ilikuwa yao kabla ya ramani za mji, huyaita majira haya gathano. Mboga shambani hazifi, ila husinyaa na kukawia. Hapo ndipo hujulikana nani aliweka akiba na nani alitegemea soko.

Muthangari imebanwa kati ya Lavington na Kawangware. Upande mmoja wa Barabara ya James Gichuru kuna mageti ya umeme, na ukitembea kidogo kuelekea magharibi unafika kwenye vibanda vya mabati na magunia ya viazi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's hapa mwaka 1899, wakapanda kahawa. Baadaye zikaja nyumba za Wazungu zenye viwanja vipana na, nyuma kabisa, vyumba vya wafanyakazi ambavyo Nairobi nzima huviita SQ. Leo nyumba nyingi za aina hiyo zimebomolewa, ghorofa zimesimama mahali pake. Zilizobaki bado zina kipande cha ardhi nyuma ya SQ ambacho mwenye nyumba hakitazami. Kinachopandwa hapo ni kunde, managu, terere, saga, sukuma wiki, na malenge yanayopanda ua bila kuomba ruhusa.

Mila ya akiba ninayoizungumzia inakaa huko nyuma. Mwenye nyumba ananunua mboga zilizofungwa kwenye plastiki. Anayejua kuilisha nyumba wakati wa baridi ni mama aliyetoka Vihiga, Busia au Kitui, mtunza bustani aliyetoka Murang'a, na yule mlinzi wa usiku ambaye kabla ya kulala asubuhi hupitia mistari yake ya managu.

Asiyejua atadhani mboga za baridi hukaushwa baridi inapokaribia. Haiwezekani. Mvua ndefu za Machi hadi Mei hujaza shamba majani, lakini zikikatika tu, mawingu ya Juni yameshafika. Ukianika kunde mwezi huo zitaota ukungu kabla hazijakauka. Akiba ya Julai hutoka kwenye mvua fupi: mbegu huingia ardhini Oktoba, majani huchumwa Novemba na Desemba, na ya mwisho huanikwa Januari, mwezi wa joto kali na upepo mkavu. Kwa hiyo mtu anayepika kwa akiba anaishi miezi sita mbele ya tumbo lake. Mjini, ambako wengi wetu tunanunua chakula cha leo leo, huo ni utaalamu, hata kama wenyewe hawauiti hivyo.

Kunde huchumwa kabla ya kuchanua, majani yakiwa laini. Likishatoka ua, jani hukakamaa na halitakuwa mboga nzuri hata ulipike hadi usiku. Huoshwa, hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika mbili tatu, hadi rangi ya kijani ing'ae, kisha huchujwa kwenye ungo. Halafu huanikwa kivulini penye upepo, juu ya shuka safi. Jua kali hukausha upesi, lakini huchoma rangi na kupunguza vitamini. Jioni shuka huingizwa ndani kwa sababu ya umande, asubuhi hutolewa tena. Baada ya siku mbili au tatu unachukua jani na kulifinya: likivunjika kwa mlio, liko tayari, likipinda, lirudishe, kwa sababu jani moja bichi linaweza kuozesha mfuko mzima. Debe zima la majani mabichi hunywea likatosha kwenye mkebe wa Kimbo, na ukiufungua mkebe huo miezi sita baadaye unakutana na harufu inayokaribiana na ya majani ya chai.

Kuyapika majani haya makavu hakuhitaji werevu, kunahitaji muda. Huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu, hubadilishwa maji, huchemshwa taratibu. Kitunguu hukaangwa pembeni. Wengine humalizia kwa karanga zilizosagwa, wengine kwa maziwa au malai, na wale wa Ukambani huyachanganya na ndengu. Ugali wa wimbi ndio mwenzake, ule mweusi mzito. Wa mahindi meupe unapwaya kidogo, ingawa najua kuna watakaonipinga.

Mama wa Magharibi ana kitu kingine kwenye chupa: musherekha, maji ya chumvi ya kienyeji. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yake huwekwa kwenye mkebe uliotobolewa vijitundu chini, kisha humwagiwa maji kidogo kidogo. Yanayodondoka ni maji ya kahawia, yenye ukali wa magadi, na vijiko viwili vinatosha kulainisha sufuria ya saga au mrenda. Niliwahi kusimama jikoni la SQ moja nikiuliza kwa nini wasitumie magadi ya dukani.

"Magadi inapika, mwanangu," mama mwenye jiko alinijibu, "lakini mboga inajua."

Saga nayo ina akiba ya namna yake, isiyohitaji jua. Ikishachemshwa hutiwa maziwa, huachwa kwenye chungu ilale, kesho yake hupashwa moto na kuongezwa maziwa mengine. Ikipashwa hivyo kila siku hukaa siku kadhaa, na uchungu hupungua. Baridi ya Nairobi huisaidia mila hii. Chungu ambacho Mombasa kingechacha jioni ileile, Muthangari hulala salama mwezi Julai bila friji.

Kwa Wakikuyu akiba ya shamba ilikuwa nafaka na mbegu za jamii ya kunde zaidi kuliko majani. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichochapisha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, anaeleza mwaka uliogawanywa kwa mazao: majira ya njahi yanayoanza na mvua ndefu, na majira ya mwere, yaani uwele, yanayoanza na mvua fupi. Mvua yenyewe ilibeba jina la chakula. Kila mke alikuwa na ghala lake, na kilichomo alikigawa yeye. Njahi zile nyeusi zenye mstari mweupe huloweshwa, maji ya kwanza humwagwa ili uchungu utoke, kisha huchemshwa kwa saa nyingi na kupondwa pamoja na ndizi. Huo ndio mukimo wa mzazi, unaopelekewa mama aliyejifungua hata leo, hospitali iwe ya serikali au ya matajiri. Malenge ni rahisi zaidi: likivunwa limekomaa na kikonyo chake, hukaa miezi mahali pakavu bila kutiwa chochote. Shosho mmoja wa hapa huyapanga juu ya kabati la nguo. Wajukuu hucheka, lakini Julai ikifika ni yeye anayeombwa.

Serikali nayo ilishawahi kukausha mboga, kwa sababu zake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakoloni walijenga kiwanda Karatina cha kukausha mboga za wakulima wa Nyeri ili kulisha wanajeshi. Wakulima walilima kwa bidii, wakazoea kipato. Vita ilipokwisha kiwanda kikafungwa, ingawa walitaka kiendelee, na uchungu huo ukaingia kwenye orodha ndefu ya malalamiko ya miaka ile. Sijui kama ni sadfa kwamba kukausha mboga kulirudi kuwa kazi ya ungo na shuka.

Mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kwenye rejista yake ya mifano bora. Ni heshima, na imestahiliwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alikuwa ameshatumia miaka mingi kuonyesha kwa utafiti kwamba managu na saga si chakula cha maskini. Matokeo yake yanaonekana supamaketi, ambako unga wa thabai, mboga nyingine ya kienyeji, huuzwa kwenye vifuko vya kupendeza. Ninachokikosa kwenye vifuko hivyo ni kuambiwa mmea ulikua wapi. Baadhi ya mboga za pande hizi humwagiliwa maji ya Mto Nairobi, yanayobeba taka za jiji. Kukausha huondoa maji tu. Uchafu wa metali hubaki palepale, tena ukiwa umekolea. Anayelima nyuma ya SQ kwa maji ya bomba au ya mvua ana faida kuliko anayenunua kifuko.

Moto nao una mila yake. Njahi, githeri na kunde kavu hula gesi, kwa hiyo hupikwa kwenye jiko la makaa, na wakati wa baridi jiko hulipa mara mbili kwa sababu linapasha chumba. Hapo ndipo hatari inapoingia. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi huja habari za watu waliolala na jiko ndani, dirisha likiwa limefungwa, wasiamke. Wenye busara hupikia mlangoni, hula jiko likiwa nje, kisha huingia kulala kwenye blanketi mbili. Sufuria nzito ikibaki juu ya makaa yanayofifia, huko nje, njahi zitamalizikia zenyewe.

Sasa SQ zinapungua na viwanja vinajengwa. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza kilimo cha mjini mwaka 2015, lakini sheria haitengi udongo mahali palipomwagwa zege. Ghorofa nyingi zimekataza kuanika chochote kwenye roshani, eti jengo lisionekane la kishamba. Kwa hiyo kunde zimepanda juu ya paa. Mwezi Januari, kati ya kamba za nguo, utaona shuka mbili tatu zimetandazwa kwenye kivuli cha matangi ya maji, zimekandamizwa kwa mawe pembeni. Mbegu zimepandwa kwenye magunia ya udongo kando ya ukuta wa nyuma, au majani yamenunuliwa Kawangware kwa mama mboga anayejulikana alikolima. Keateka ndiye mwenye ufunguo wa mlango wa paa, na ana bei yake: bakuli la mboga iliyopikwa, na ugali juu. Mbichi haitaki.