Uvimbe usiouma usidharauliwe

Katika mji wetu wa Tabora, na hasa katika mitaa ya zamani kama Kanyenye, si ajabu kumsikia mtu aliyeota uvimbe pajani au begani akisema: "Hauniumi, utaondoka wenyewe." Kauli hii imezoeleka hata imekuwa kama dawa. Sisi tunaiona kuwa ni kauli ya hatari, na leo tunapenda kueleza sababu yake.

Iko jamii ya saratani inayoitwa sarkoma. Saratani ya titi na ile ya mlango wa kizazi wananchi wamekwisha kuzisikia. Hii huanzia katika misuli, mafuta, mishipa au mifupa. Haitokei kwa wingi, na uvimbe mwingi auonao mtu mwilini mwake si saratani kabisa. Lakini kwa kuwa ni adimu, hudhaniwa kuwa ni jipu, tezi au matokeo ya kuanguka. Na wakati watu wanadhani, ugonjwa unaendelea.

Dalili ya mvua ni mawingu. Ya kwanza ni uvimbe unaozidi kukua, hasa ukipita upana wa sentimita 5, au ulio ndani sana ya nyama, au uliorudi baada ya kukatwa. Kutouma kwake si ushahidi wa usalama, kwani sarkoma nyingi za nyama laini huanza bila maumivu. Ya pili ni maumivu ya mfupa kwa kijana anayekua, mara nyingi karibu na goti au bega, yanayozidi usiku na yasiyokoma kwa mapumziko. Au mfupa kuvunjika kwa jambo dogo. Mzazi asiridhike kusema kwamba ni mambo ya mpira. Ya tatu ni mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau, kahawia au nyeusi, miguuni, usoni au ndani ya kinywa, pengine pamoja na mguu kuvimba.

Hii ya tatu ni sarkoma ya Kaposi, iliyopewa jina la daktari Moritz Kaposi, aliyeieleza mjini Vienna mwaka 1872. Katika Afrika ya Mashariki ilijulikana kabla ya UKIMWI. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuijadili hiyo peke yake. Wakati ule iliwapata zaidi wanaume watu wazima, tena ilikwenda polepole. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ikawashika vijana, wake kwa waume, tena kwa kasi. Mwaka 1994 virusi vinavyohusika na sarkoma hiyo viligunduliwa. Leo mgonjwa mwenye VVU akianza mapema dawa za kupunguza makali, aweza kupata nafuu kubwa, na mwingine huongezewa dawa za saratani. Basi aonaye mabaka hayo apime bila aibu.

Tunajua kinachowachelewesha watu: hofu, haya na umaskini. Wengine huanza kwa kukandwa au kuchanjwa chale. Hatuwabezi waganga wetu, lakini chale haziondoi sarkoma, na kila mwezi unaopita huipa nafasi ya kufika mapafuni. Hata kisu cha hospitali hakitakiwi kuharakishwa: kwanza hupigwa picha, kisha hukatwa kipande kidogo kikatazamwe kwa darubini, ndipo upasuaji upangwe. Mlango wa kuanzia ni zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Kitete. Na ikibidi, mgonjwa hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Safari hizo ni ndefu na nauli si haba. Mji wetu lakini haukuanza leo kujua safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo katika njia ya Bagamoyo na Ujiji. Kila mmoja alijua uzito wa mzigo wake kabla ya kuondoka, na alijua mahali pa kuutua. Mwenye uvimbe asiopimwa hajui anabeba nini, na mzigo wake huongezeka njiani.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa kila ukoo. Msiba ukitokea Kanyenye, hatulali mpaka mchango wa matanga umetimia. Ni desturi njema, na idumu. Lakini mchango huo huo, ukitolewa wakati mgonjwa angali anatembea kwa miguu yake, ungemfikisha kwa daktari. Tusingoje kumchangia mtu ambaye hawezi tena kutushukuru.