Mkunde Usio na Haraka ya Kuchanua

Mkulima wa Vihiga au Siaya, magharibi mwa Kenya, akitaka kujua kama kunde zake zimefaa, haangalii ganda. Hushika kikonyo cha jani akakikunja. Kikikatika mara moja, hiyo ni mboga. Kikipinda na kuacha nyuzi, wakati wake umepita, na jioni kutakuwa na kesi mezani.

Kunde ni zao la Afrika hii hii, na wengi wetu tunazijua kama punje za kuchemsha. Lakini Mluhya akisikia likhubi, au Mjaluo akisikia bo, kinachomjia kwanza ni majani. Na majani na punje hugombea chakula kimoja. Mkunde ukishachanua, huanza kuhamisha nitrojeni kutoka kwenye majani yake na kuipeleka kwenye maganda. Majani hukomaa, huwa magumu, kisha hugeuka manjano. Kwa mwenye kutaka punje hiyo ni baraka. Kwa anayechuma mboga, ua la kwanza ni habari mbaya.

Ndiyo sababu aina zinazosimama wima na kuchanua zote kwa mpigo, zinazosifiwa kwa kukomaa mapema, hazimvutii sana mama wa mboga. Yeye hupenda zinazotambaa: ukichuma ncha, machipukizi ya pembeni huchomoza, na wiki ijayo unarudi tena. Kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kilitoa aina kama M66 na K80, za kuchuma majani na kuvuna punje pia. Ni suluhu nzuri, mradi mkono usizidi, maana mmea uliokwanguliwa majani hauna cha kujazia maganda.

Wapo pia wasiojali ua kabisa. Hawa humwaga mbegu kwa wingi, na baada ya wiki tatu hivi wanang'oa mche mzima na kuufunga mafungu ya sokoni, mizizi ikining'inia. Wanachotaka ni mbegu ya bei nafuu na jani pana linaloota upesi.

Jiko nalo lina kura yake. Jani gumu hudai kuni nyingi, au magadi, au musherekha, ile chumvi ya majivu ya Waluhya. Magadi hulainisha kweli, ila huharibu vitamini C. Aina inayoiva upesi, ikachanganyika vizuri na mrenda, humpunguzia mpishi kazi hiyo yote, jambo ambalo mizani ya kupimia mavuno hailioni.

Mbegu huhifadhiwa kwenye kibuyu pamoja na majivu ya kuzuia fukusi, mara nyingi rangi mchanganyiko: nyeusi, hudhurungi, zenye madoa. Mtu wa mjini angedhani ni uzembe. Lakini ua la kunde kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo kila aina hubaki ilivyo hata ikilala kibuyu kimoja na nyingine kwa miaka. Hatari iko kwingine. Mkulima akitunza mbegu za mikunde iliyotangulia kuzaa, atakuwa anachagua zile zenye haraka ya kuchanua bila kujua. Mjanja huacha bila kuchuma mashina machache pembeni mwa shamba, yale yaliyochelewa kuliko yote, na mbegu ya mwakani huitoa huko.