Neno 'charge' lisimfunge asiyelielewa

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii ni tamu barazani, lakini kuna mahali ambapo haifai kabisa kutumiwa, napo ni mahakamani. Huko, asiyejua maana ndiye hasa anayestahili kuambiwa maana, tena mara ya pili na ya tatu, maadamu uhuru wake umo ndani ya neno asilolijua.

Nasema haya kwa sababu ya mzee mmoja, jirani yangu kijijini, ambaye ng'ombe wake walivunja ua wa mwenziwe. Mwenye ua alidai kuwa mzee ndiye aliyewaswaga kwa makusudi. Baada ya siku chache mzee aliletewa karatasi ya kumwita mahakamani, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Alimpa mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya msingi, amsomee. Mtoto alipitisha kidole juu ya mistari, kisha akasema, "Babu, hapa wanasema kuna 'charge'." Mzee akauliza, "Ni pesa ngapi?"

Msomaji asimcheke mzee huyu. Neno hilo alikuwa amelisikia hospitalini na benki, na kote huko lilimaanisha fedha. Siku ya kesi alifunga noti zake katika leso, akaenda. Karani aliyekuwa akifasiri, kwa mazoea yetu ya kuchanganya lugha, alimwuliza kama anaikubali hiyo 'charge'. Mzee akajibu kwa heshima, "Nakubali, mheshimiwa. Nimekuja nazo."

Hakimu, Mungu ambariki, alilisikia neno hilo la mwisho. Akauliza, "Umekuja na nini?" Mzee akaifungua leso. Hapo ndipo mambo yalipofumbuka. Alipoelezwa upya kwamba anashtakiwa kwa kuharibu mali ya mtu kwa kukusudia, alikana katakata, na kesi ikapangiwa siku ya kusikizwa. Lau hakimu angekuwa na haraka, kumbukumbu za mahakama zingeonyesha kwamba mzee alikiri kosa kwa kinywa chake mwenyewe.

Hebu basi tulitazame neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini cha baadaye, katika kitenzi kilichomaanisha kupakia mzigo garini. Wafaransa walilichukua, na Waingereza wakalipokea kutoka kwao yapata karne ya 13. Maana zake nyingi za leo ni matawi ya shina hilo moja la mzigo. Bunduki hupakiwa baruti, betri hupakiwa umeme, mtu hubebeshwa deni, mwingine hutwikwa madaraka, na mwingine hutwikwa kosa. Mwingereza hutumia neno moja kwa yote hayo, na mazingira ya mazungumzo ndiyo yanayomwongoza.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Chetu ni kutenga. Tuanze na fedha. Mwanafunzi hulipa karo, abiria hulipa nauli, mchuuzi sokoni hulipa ushuru, mpangaji hulipa kodi, mtazamaji wa kandanda hulipa kiingilio, na mwenye akaunti hukatwa ada. Anayedai fedha hizo anatoza, na mwenye kutoa analipa. Kila neno linamweleza msikilizaji ni nani anayedai, na anadai kwa ajili ya nini.

Mahakamani tofauti hizi ni nzito zaidi. Faini ni adhabu, na aliyeilipa harudishiwi. Dhamana ya fedha si adhabu. Ni amana inayowekwa ili mshtakiwa aachiliwe na arudi siku ya kesi, na akiyatimiza masharti hurudishiwa fedha zake. Mtu anayeambiwa tu kwamba kuna 'charge' ya shilingi elfu kadhaa hawezi kujua ni ipi kati ya hizo. Akidhani kwamba dhamana ni malipo, hataidai risiti, wala hatarudi kuuliza fedha zake baada ya kesi. Yako mashimo ambayo fedha za maskini hupotelea, na mojawapo limechimbwa na neno lisilofasiriwa.

Tuje kwenye lawama, ambako Kiswahili kina ngazi zake. Kushuku ni jambo la moyoni. Kutuhumu ni kumdhania mtu ubaya na kumtaja. Kulaumu ni kumwambia mtu kwamba hakufanya ipasavyo, na kushutumu ni kumkaripia kwa maneno makali. Kusingizia ni kumbandika mtu jambo asilolitenda. Kushtaki ni kulipeleka lalamiko mbele ya mwenye mamlaka, ndiyo maana hata mtoto akipigwa na mwenzake husema, "Nitakushtaki kwa mama." Hatendi kosa la lugha, kwani mama ndiye hakimu wake.

Kwa hiyo mshukiwa si mshtakiwa, na mshtakiwa si mhalifu. Wa kwanza anachunguzwa, wa pili amesomewa mashtaka, na wa tatu amepatikana na hatia. Sisi waandishi wa magazeti hatuna budi kujikosoa hapa, kwa maana aghalabu huyachanganya maneno haya katika habari moja, na jina la mtu likachafuka kabla ya shahidi wa kwanza kusimama kizimbani.

Matawi mengine ya neno hilo hayana hatari kubwa. Msimamizi wa wodi huitwa 'inchaji' na wagonjwa, nao hufahamiana. Simu huchajiwa vibandani, na neno 'chaji' limekwisha kuwa letu kwa upande wa umeme. Sina ugomvi na mkopo wa aina hiyo. Ugomvi wangu ni kulivusha neno hilo kutoka kwenye kibanda cha simu hadi kizimbani, ilhali tunalo 'shtaka' ambalo kila mtu analielewa.

Sheria yenyewe haina kasoro katika jambo hili. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 49 kinaagiza kwamba mtu akikamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Hata kabla ya hapo, mnamo 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri kwamba mashtaka pamoja na viini vyote vya kosa yaelezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, na kwamba maneno yake mwenyewe ya kukiri yaandikwe.

Yapo basi maandishi mazuri. Kinachokosekana ni utekelezaji. Katika mahakama nyingi za chini, kazi ya kufasiri hufanywa na karani mwenye shughuli nyingine tele. Anajua lugha mbili au tatu, lakini kujua lugha si kujua kufasiri. Yamkini husema mambo kwa mkato kwa sababu foleni ni ndefu. Mshtakiwa naye hujibu kwa mkato, "Ni kweli," na hatujui ni kweli ipi anayoikubali: kwamba ua ulivunjika, au kwamba yeye aliuvunja kwa makusudi. Jibu hilo likiandikwa kwa Kiingereza, jaji wa rufani hana kingine cha kusoma ila hicho kilichoandikwa.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, Idara ya Mahakama iwe na wakalimani waliofunzwa, wanaolipwa kwa kazi hiyo, na orodha moja ya istilahi za sheria kwa Kiswahili ambayo kila mahakama itaifuata. Pili, karatasi za kumwita mtu mahakamani ziandikwe kwa lugha zote mbili rasmi, ili mjukuu asiwe wakili wa babu yake. Tatu, walimu wetu waache kufundisha neno la Kiingereza kwa kulipachika neno moja la Kiswahili kana kwamba ni sarafu za thamani sawa. Mwanafunzi azoezwe kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, na wapi?

Kwa aliyesoma, haya huenda yakaonekana madogo. Mzigo wa mwenzio, walisema wazee, ni kanda la usufi. Anayeujua uzito wa neno 'charge' ni yule aliyesimama kizimbani na leso yake mkononi, akikubali kulipa ilhali wenzake wanamwandikia kwamba amekiri.