Greysia Polii: Alifukuzwa Olimpiki, akarudi kuchukua dhahabu

Utafanyaje ukifukuzwa kwenye Olimpiki huku dunia nzima ikitazama? Greysia Polii alikuwa na miaka 24 tu yalipomkuta hayo.

Ilikuwa London, 2012. Mwanadada huyo wa Indonesia alikuwa akicheza badminton ya wawili wawili pamoja na Meiliana Jauhari. Raundi ya kwanza ilikuwa ya makundi, na kuna waliopiga hesabu zao: ukipoteza leo, kesho utakutana na wapinzani wepesi. Basi wakaanza kugongesha kinyoya kwenye wavu makusudi. Mashabiki wakawazomea vibaya sana. Jozi nne zikatimuliwa: mbili za Korea Kusini, moja ya China na hii ya akina Greysia.

Siwatetei, lakini aliyepanga mashindano ambapo kushindwa kuna faida naye alistahili kuzomewa kidogo.

Wengi wangetundika raketi hapo. Greysia alianza upya na Nitya Krishinda Maheswari, na 2014 wakashinda dhahabu ya Michezo ya Asia mjini Incheon. Rio 2016 wakafika robo fainali. Kisha Nitya akaumia.

Hapo ndipo mchezo wa wawili wawili huwa mchungu. Wewe u mzima, una pumzi, unafanya mazoezi kila asubuhi, lakini mwenzako akilala kitandani nawe huna kazi. Greysia akaamua kustaafu. Kocha Eng Hian, ambaye mwenyewe alishinda shaba Athens 2004, akamsihi angoje kidogo awashike mkono wasichana chipukizi.

Ndipo 2017 akapewa Apriyani Rahayu, binti wa miaka 19 kutoka Konawe, kisiwani Sulawesi. Raketi ya kwanza ya Apriyani ilikuwa ya mbao, aliyotengenezewa na babake. Walipishana karibu miaka 11, lakini wakaivana haraka ajabu. Mwaka huohuo walishinda mataji Thailand na Ufaransa, kisha wakabeba shaba ya dunia 2018 na 2019.

Tokyo, Agosti 2, 2021. Hawakuwa hata kwenye orodha ya jozi zinazopigiwa upatu, lakini walikuwa fainali dhidi ya Chen Qingchen na Jia Yifan wa China. Katika seti ya pili, raketi ya Greysia ikaharibika kinyoya kikiwa bado hewani. Hebu fikiria! Alichomoka mbio hadi pembeni, akanyakua nyingine na kurudi, huku Apriyani akilinda uwanja mzima peke yake. Na pointi ikawa yao.

Matokeo: 21-19, 21-15. Indonesia haikuwa imewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki ya wanawake wawili wawili. Zawadi zikamiminika, na nyumbani kwao Apriyani akaahidiwa nyumba na ng'ombe watano. Ndiyo, ng'ombe.

Juni 2022, Greysia aliaga mashabiki katika ukumbi wa Istora Senayan, Jakarta, akiwa na miaka 34. Safari hii aliondoka kwa makofi. Apriyani tayari alikuwa ameanza kucheza na Siti Fadia Silva Ramadhanti, aliyezaliwa 2000. Hapo yeye ndiye akawa dada mkubwa uwanjani.