Kifafa Si Laana: Maisha ya Mama Mmoja wa Kwaya

  Mama, kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Nyanya unayelea wajukuu, nawe karibu. Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huutaja kwa sauti ya chini, yaani kifafa. Wengine huuita ugonjwa wa kuanguka, na ndugu zetu Wagiriama huuita vitsala.

Ili tuelewane vizuri, nitawasimulia habari za mama mmoja wa hapa kwetu. Amenipa ruhusa nizungumze, ila jina lake nitalificha. Tutamwita Mama wa Kwaya, kwa sababu ukimtafuta siku ya Jumapili utampata kanisani akiimba sauti ya kwanza. Siku nyingine za juma anauza mboga sokoni. Ana watoto watatu.

Mama huyu alianguka mara ya kwanza akiwa darasani, na umri wake ulikuwa miaka 14. Wanafunzi walikimbia nje. Mwalimu naye aliogopa kumgusa kwa sababu alikuwa anatoa povu mdomoni. Baada ya siku hiyo aliacha shule. Wazazi wake walimpeleka kwa mganga mmoja, kisha mwingine, na mbuzi wakaisha zizini. Baadaye walimpeleka kanisani akaombewa. Miaka sita ilipita kabla ya mtu yeyote kumpeleka hospitali.

Kifafa ni nini?

Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa kutumia umeme mdogo sana, ambao hupitisha habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa mtu mwenye kifafa, umeme huo mara nyingine hutoka kwa fujo, mwingi na kwa ghafla. Hapo ndipo mtu huanguka, mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikatukutika, akauma ulimi au kujikojolea. Fujo hiyo ikiisha, yeye hupata usingizi mzito, na akiamka hakumbuki lolote.

Lakini si kila kifafa huangusha mtu. Kuna mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache, macho yamekodoa, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Shuleni huchapwa akiambiwa anaota mchana. Mama, ukiona mtoto wako anafanya hivyo mara kwa mara, mlete kliniki.

Kifafa hakiambukizi. Povu ni mate tu, na ukiyagusa hupati kifafa. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye kitanda kimoja na kumpokea mtoto wake mikononi mwako.

Kinatoka wapi?

Mara nyingi chanzo hakijulikani. Kwa wengine, ubongo uliumia zamani: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliugua malaria iliyopanda kichwani, au alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Wengine waliumia kichwa katika ajali, kama zile za bodaboda. Wengine wana mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia tumboni kwa uchafu wa choo cha binadamu, kisha yakawa vifuko ubongoni. Katika jamaa fulani kifafa huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja, lakini watoto wengi wa wazazi wenye kifafa hawakipati.

Kwa hiyo vingine vinaweza kuzuiwa. Jifungulie kituoni, mlaze mtoto ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, maliza chanjo zake zote, tumia choo na osha mikono, na anayepanda pikipiki avae kofia ngumu.

Kina mama wengi huniuliza: je, degedege ni kifafa? Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kutukutika kwa sababu ya homa kali. Huyo bado hatumwiti mwenye kifafa, ila ni lazima afike kituoni siku hiyo hiyo apimwe malaria na homa ya uti wa mgongo. Kifafa ni pale mtu anaposhikwa mara mbili au zaidi, kwa siku tofauti, bila homa wala sababu nyingine ya wakati huo.

Liko jambo jingine linalochanganya watu, nalo ni jina. Kile tunachokiita kifafa cha mimba si kifafa hiki. Kifafa cha mimba huletwa na shinikizo la damu kupanda kwa mama mjamzito, kwa kawaida baada ya wiki 20, na huweza kumuua mama na mtoto. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona giza, na maumivu juu ya tumbo. Kwa hiyo mjamzito yeyote akitukutika, hata kama tunajua ana kifafa cha zamani, mkimbizeni hospitali. Msikae nyumbani mkibahatisha ni kipi.

Siku alipotupa dawa

Sasa turudi kwa Mama wa Kwaya. Alipofika kliniki akiwa na miaka 20, alianzishiwa vidonge vya fenobabitoni. Hii ni dawa ya zamani, imetumika kutuliza kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake si kubwa. Baada ya miezi michache aliacha kuanguka. Aliolewa, akazaa mtoto wa kwanza, akaingia kwaya.

Mwaka aliopata mimba ya pili, kulikuwa na mkutano wa injili wa siku tatu. Mhubiri mgeni aliwaambia wagonjwa kwamba anayeendelea kumeza dawa hajaamini. Mama huyu alirudi nyumbani akamwaga vidonge chooni. Hakumwambia mumewe. Usiku huo na uliofuata alikesha katika maombi bila kulala. Siku ya nne alishikwa akiwa jikoni, mkono ukaangukia motoni. Alitukutika, akatulia, na kabla hajapata fahamu akatukutika tena, na tena.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu walipomleta nyuma ya pikapu, mimba ikiwa ya miezi mitano. Tulimdunga sindano, tukampa hewa na kumpeleka hospitali kubwa. Mungu si Athumani, yeye na mtoto walipona. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki hadi leo.

Mimi si mhubiri, wala sitaki kubishana na mtu juu ya imani. Najua wengi husoma Injili ya Marko, sura ya 9, habari za kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, wakasema kwamba kila anayeanguka ana pepo. Mimi naona jambo jingine pale. Baba yake hakumficha ndani ya nyumba. Alimleta mbele ya watu akamwombea msaada. Wewe pia mlete wako. Omba, na umeze dawa. Mtu wa kisukari huombewa na bado anadungwa sindano yake. Kwa nini wa kifafa azuiwe?

Tena nisiwalaumu wahubiri peke yao. Mama huyu aliniambia kwamba kabla ya mkutano ule, mara mbili alifika kwenye kituo fulani akaambiwa dawa zimekwisha, arudi juma lijalo. Hakuna aliyemweleza kwamba kuacha dawa ghafla ni hatari sana. Hapo sisi wauguzi tulikosea. Ndiyo sababu nasema leo: ukibakiwa na vidonge vya siku saba, anza kutafuta vingine. Ukikosa hapa, uliza pale pengine.

Dawa na mwanamke

Shirika la Afya Duniani linasema kuna watu milioni 50 hivi wenye kifafa duniani, na kwamba hadi 7 kati ya kila 10 wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangepata dawa inayofaa na kuitumia sawasawa. Dawa humezwa kila siku, hata siku ambazo ni mzima. Usipunguze wala kuacha mwenyewe. Daktari hufikiria kuiondoa baada ya miaka 2 au zaidi bila kushikwa, tena pole pole.

Kina mama, haya yanawahusu hasa:

Kwanza, uzazi wa mpango. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi na vipandikizi vya mkononi. Mwambie muuguzi unameza dawa gani, ili muongee juu ya sindano ya miezi mitatu au koili.

Pili, mimba. Ongea na daktari kabla ya kushika mimba. Uanze asidi ya foliki mapema. Ikiwa tayari una mimba usitupe dawa, kwa maana kushikwa mara kwa mara kunaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila kuna dawa moja, valproeti, ambayo huweza kumletea mtoto kasoro za mwili na ugumu wa kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba isipewe wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ukiwa unaitumia, usiiache ghafla. Nenda kwa daktari akubadilishie.

Tatu, kunyonyesha. Mama wengi wanaomeza dawa za kifafa hunyonyesha bila shida. Nyonyesha ukiwa umeketi mkekani, umeegemea ukuta. Mbadilishe mtoto nguo chini, si juu ya kitanda. Usimwogeshe peke yako katika beseni la maji mengi, na usimbebe mgongoni unapopika.

Nyumbani, inua jiko au lizungushie kizuizi. Usifunge komeo ukioga. Usiende mtoni wala kisimani peke yako.

Akishikwa, fanya hivi

1. Tulia. Tazama saa ujue ameshikwa kwa muda gani.
2. Ondoa vitu vya kumuumiza, kama vile moto, mawe na viti. Weka kitu laini chini ya kichwa.
3. Legeza kola, kitambaa cha shingo au mkanda.
4. Mtukutiko ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke nje.
5. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu. Usimnywesheze maji wala dawa kabla hajaamka vizuri.
6. Kaa naye mpaka fahamu zirudi. Mfunike ikiwa nguo zimelowa, naye atashukuru.

Mpelekeni hospitali upesi ikiwa mtukutiko unapita dakika 5, ikiwa unarudi kabla hajaamka, ikiwa ni mara yake ya kwanza, ikiwa ameumia au ameanguka majini, au ikiwa ni mjamzito.

Kanisa lake leo

Baada ya mambo yale, mchungaji wa mama huyu alikuja mwenyewe kliniki. Aliketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa akangoja zamu yake, kisha akaniuliza, "Dada, tufanye nini akianguka katikati ya ibada?" Nilienda siku ya Jumamosi nikawafundisha wazee wa kanisa na kwaya, dakika arubaini tu. Zamani akianguka benchi zima lilihama. Siku hizi mama wawili humlaza ubavu, mmoja hutazama saa, na ibada huendelea.

Wamekubaliana pia kwamba kesha ikifika saa nne usiku yeye anarudi nyumbani kulala, kwa sababu kukosa usingizi huamsha kifafa. Wakati wa kufunga, yeye humeza dawa yake kama kawaida na kula kidogo. Mchungaji alitangaza jambo hilo mbele ya watu wote, asije mtu akamsema.

Ameshikwa mara moja tu katika miaka mitatu iliyopita, siku alipokuwa na malaria. Yule mtoto aliyekuwa tumboni sasa yuko darasa la nne. Mwaka jana mamake alishikwa usiku, na msichana huyo ndiye aliyemlaza ubavu, akahesabu dakika, akamngoja aamke.

Basi mama, kama nyumbani mwako kuna aliyefichwa chumba cha nyuma, mtoe. Mlete kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako aje amwone. Hujachelewa, hata kama ni miaka sita, hata kama ni ishirini.

Kwa leo nakomea hapo. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa. 

Maswali ya kuzungumziwa katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, watu hufanya nini mtu akianguka? Ni lipi tuliache, na ni lipi tuendelee nalo?
2. Mtoto mwenye kifafa anasoma shule gani hapa kwetu? Kama amekaa nyumbani, nani atazungumza na wazazi na mwalimu?
3. Je, kanisa au msikiti wetu umeshapanga atakayemsaidia mgonjwa wa kifafa wakati wa ibada?