Fahamu: Namna ya kusoma kipimo cha TSH ukiwa kwenye dawa ya tezi ya shingo

Mgonjwa wa tezi anayetoka Kahama au Geita kwenda kliniki Bugando, Mwanza, hurudi na karatasi yenye herufi tatu: TSH. Hii si homoni ya tezi ya shingo. Hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi. Kwa hiyo husomwa kinyume: TSH ikipanda, kwa kawaida mwili umepungukiwa homoni ya tezi ya shingo; ikishuka mno, huenda dozi ya dawa yako, levothairoksini, imezidi, na moyo na mifupa vinaweza kuumia.

Maabara nyingi huweka kiwango cha mtu mzima kati ya takriban 0.4 na 4.0, lakini fuata kilichochapishwa kwenye karatasi yako.

Dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kuwahi zaidi ni kupoteza nauli bure. Siku ya kipimo, meza kidonge baada ya kutolewa damu.

TSH ikigoma kushuka, chunguza kwanza unavyomeza: kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu asivichanganye na levothairoksini. Madini ya chuma huzuia dawa kufyonzwa. Apishanishe kwa saa 4, tena yeye, tofauti na wengine, awahi kupimwa, maana mahitaji yake hupanda mapema.

Majibu yakiwa mazuri, tafadhali usiache dawa. Ndiyo iliyoyafanya yawe mazuri.